Hiace ya kulala ndani, Mwanza hadi Bukoba wakati wa vuli

Mkazi_Igoma
Wakuu habari. Hiace ya dizeli, viti vya nyuma vimeng'olewa, ina kitanda na friji ya volti 12, wati 45. Tupo wawili, siku sita za mwezi wa 11: Sengerema, Geita, Chato, Muleba, Bukoba. Betri ya sola ya Ah 100 (ampia-saa) na paneli ya wati 200 zitatosha mvua ikinyesha? Na usiku tuegeshe wapi?

WayaMwekundu
Piga hesabu kwanza mkuu. Friji hiyo inavuta ampia 3.75. Kwa joto la huku inazunguka kama nusu ya muda, ndiyo Ah 45 kwa siku. Ongeza taa na simu, umefika 50. Betri ya asidi haishushwi chini ya nusu, kwa hiyo Ah 100 yako ni 50 tu. Siku moja, imekwisha.

Paneli siku ya jua kali itarudisha zote. Mawingu yakitanda kutwa, hata robo ni bahati. Watu hukimbilia kuongeza paneli, kumbe dawa ni alteneta, ile inayochaji betri injini ikizunguka. Toka betri ya gari na waya wa milimita 16 za mraba, fyuzi ya ampia 60 karibu kabisa na chanya, rilei (swichi ya umeme) inayoshika injini ikiwaka tu, kisha fyuzi nyingine kwenye betri ya pili. Bila rilei friji itanyonya betri zote mbili na asubuhi mtasukuma gari. Mafundi wengine hufunga waya wa redio: volti zinapotelea njiani, na ukiendesha kutwa betri haijai.

Ng'ambo_ya_Busisi
Njia yote hiyo ni lami, na tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025 foleni ya kivuko Kigongo haipo. Kazi iko kwenye mita 50 za kutoka lami. Udongo mweusi wa mbuga ukikauka ni kama saruji. Mvua ya nusu saa tu, unaganda kwenye kashata za tairi na Hiace inayosukuma kwa nyuma haitoki. Finyanga tonge bichi la udongo: likivutika kama kamba bila kukatika, usiingize gari. Tafuta changarawe, fika kabla ya giza, pua itazame barabara. Mjulishe mwenyekiti wa kitongoji. Beba kipande cha ubao kinene cha kuweka chini ya jeki, la sivyo jeki litazama lenyewe na gari limetulia palepale.

Ufukweni msilale. Viboko hutoka usiku kula majani.

mama_kahawa
Maji: lita 20 kwa siku kwa wawili, dumu tatu ni siku tatu. Ya ziwani msiogee mabichi, kichocho hupenya ngozi. Yachemsheni, au yakae kwenye dumu lililofunikwa saa 48 (hayo ni ya kuoga, si ya kunywa). Na mvua isiwatie tamaa ya kuwasha jiko la gesi ndani madirisha yamefungwa.

Mkazi_Igoma
Shukrani. Madirisha usiku je?

mama_kahawa
Mawili yanayotazamana, wazi vidole viwili, na wavu wenye matundu madogo sana. Zimeni taa kabla ya kufungua mlango. Wadudu wa ziwani wakiuona mwanga huja kama moshi.