Fundi amenishushia pikapu mpaka chini, kisha ananiambia nirudi Lamu nikapande punda!

Ndugu wanajukwaa, nimetoka gereji sasa hivi na mikono bado inanitetemeka kwa hasira. Sitamtaja kwa jina, kwani kila mwenye gari kutoka kisiwani Mombasa hadi Mtwapa anamjua. Nimemlalamikia mbele ya wateja wake, naye akanijibu huku akijifuta grisi vidoleni: "Kama gari limekushinda, rudi Lamu ukapande punda."

Punda, jamani! Nimetoa pesa taslimu, halafu naambiwa nikapande punda.

Nilichoagiza kilikuwa wazi. Kila alfajiri napeleka nazi na viazi soko la Kongowea, na vijana wanaopakia wanaumia mabega, kwa hiyo nilitaka nyuma ishuke inchi 2 tu, kwa kupunguza mkunjo wa springi bila kutoa bapa, yaani jani la chuma la springi, hata moja, na matairi mapya yawe 195R14C yale yale ya mizigo. Yeye akaitoa ekseli chini ya springi akaiweka juu yake, kazi inayoshusha gari inchi 5 hivi, wala hakuichonga chesisi pale ekseli inapopandia, ndiyo maana kwenye kila tuta chuma hugonga chuma kwa kishindo cha kuwaamsha wafu wa Kikowani. Springi za mbele alizikata kwa moto wa gesi, na alaimenti hakupima, sasa matairi yameinamia ndani na yanalika upande mmoja.

Na matairi gani hayo? 205/40R17! Ubavuni yameandikwa 84, yaani kila moja hubeba kilo 500, ilhali niliyoagiza huandikwa 106, yaani kilo 950. Nikipakia magunia, madigadi inasaga mpira. Jana maji yalikuwa yamekupwa pale Likoni, bampa ikakwangua mlango wa feri abiria wote wakageuka. Siafu akitaka kupita chini ya gari lile, sharti atambae kwa tumbo. Haya yote nilimweleza kwa adabu, na jibu likawa punda!

Msafiri wa Pwani: Pole, ndugu. Lakini rimu za inchi 17 huonekana tangu ng'ambo ya barabara. Ulilipaje kabla ya kuinama na kusoma ubavu wa tairi?

Mwenye uzi: Nililipa mwanzo kwa sababu yeye hashiki spana bila pesa, nanyi mnamjua. Hata hivyo, deni si ruhusa ya kumtukana mtu, sembuse mtu asiyedaiwa. Punda!

Binti Mikindani: Afadhali wewe ulipewa mapya, kaka. Mimi niliuziwa yaliyopakwa dawa nyeusi yakang'aa, na nilipofika nyumbani nikasoma tarakimu nne za mwisho za DOT, ile namba ya kiwandani ubavuni mwa tairi: 2314, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2014. Moja limepasuka Kibarani nikiwa na watoto garini.

Kuli Mstaafu: Pole, dada. Wabaya zaidi ni wajaza upepo. Pikapu imejaa saruji, tairi la C, yaani la mizigo, linahitaji upepo wa zaidi ya PSI 50, wao wanakutilia 32 za gari dogo, na ukiwauliza wanakununia.

Msafiri wa Pwani: Huyo wa upepo namjua, na geji yake imekufa zamani.

Binti Mikindani: Basi nielekezeni ninakoweza kupata 195R14C za mwaka huu, kwani kesho nina safari ya Voi.