Delica 4WD ya 1991: nianzie wapi kabla ya kufunga tela?

Wakuu, kuna Delica Star Wagon ya 1991 (van ya Mitsubishi), injini 4D56 turbo dizeli, imekaa muda mrefu bila kutembea. Lengo ni kulala ndani porini na kuvuta tela la kilo 700. Kipi kitangulie?

Gia_Nzito: Joto, mkuu, rangi baadaye. Hedi (kichwa cha injini) ya 4D56 ikichemka hupasuka katikati ya valvu. Iwashe ikiwa baridi: hozi ya juu ya rejeta ikikakamaa mapema, maji bado hayajapata moto, au mapovu kwenye rejeta yasipokoma, gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Hedi ikiwa nzima, zibua rejeta, weka themostati mpya (valvu inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta yakipata moto) na geji ya ziada inayosoma kwenye hedi. Ya dashibodi huchelewa kusema.

Spana14: Mikanda je? Ndani imo miwili, wa taimingi (unaopanga mwendo wa valvu na pistoni) na mdogo wa balansi shafti (shafti za kupunguza mtetemo wa injini). Mdogo ukikatika hunasa kwenye mkubwa, valvu zinagonga pistoni, kwisha kazi. Badilisha yote miwili pamoja na tensheni zake. Sili ya krenki ikivuja ibadilishe hapohapo, oili huharibu mkanda.

Mzee wa Tela: Uzito unaokalia tow ball (kitufe cha chuma nyuma ya gari kinachoshika tela) uwe kama asilimia 10 ya uzito wa tela, yaani kilo 70. Ukipungua sana tela litayumba. Kwenye lami kavu vuta kwa 2WD (magurudumu mawili) tu. Haina difu ya kati (ya kuruhusu magurudumu ya mbele na nyuma yazunguke kwa kasi tofauti), kwa hiyo ukikata kona kwa 4WD mfumo unakaza. Ukiweka betri ya pili ya kutumia ukilala porini? Fyuzi ikae karibu na kila betri.