Aliyeruka katazo la volkano Réunion, alipishwe helikopta?

Mleta mada

Wadau, salaam. Kuna jambo huku Réunion linazuka kila volkano inapolipuka, na kila likizuka watu wanagombana upya. Naomba tulichambue.

Kwa asiyekijua, hiki ni kisiwa cha Ufaransa, mashariki ya Madagaska, na karibu chote ni milima na makorongo. Mlima mrefu kuliko yote, Piton des Neiges, mita 3,070, ulizimika maelfu ya miaka iliyopita. Mwenzake, Piton de la Fournaise, mita 2,632, uko hai, na kuna miaka unalipuka zaidi ya mara moja. Ukitaka kuupanda unaacha gari Pas de Bellecombe, ukingoni kabisa, unateremka ngazi ndefu za ukutani hadi kwenye bonde la lava liitwalo Enclos Fouqué, halafu unafuata vidoa vya rangi nyeupe vilivyopakwa juu ya mawe meusi. Hakuna kiingilio wala hulazimishwi kuwa na kiongozi. Mlipuko ukianza, mkuu wa mkoa anatoa amri, geti la ngazi linafungwa, na anayetaka kutazama anaelekezwa kwenye njia za nje ya bonde, kama ile ya Piton de Bert.

Watu wanaruka geti. Wanapita usiku, taa za kichwani zimezimwa wasionekane na askari. Wengi wanapiga picha za moto na kurudi salama, na ndiyo maana wenzao nao wanajaribu. Wengine ukungu unawafumania katikati ya bonde, vidoa vyeupe havionekani tena, wanapiga simu, helikopta ya jandarmeri, polisi wa kijeshi wa Ufaransa, inapaa. Aprili 2021 wanafunzi wawili walikutwa wamekufa humo, mlipuko ukiendelea na eneo likiwa limefungwa.

Uokoaji huu ni bure. Maana yake mimi na jirani yangu tunalipa kupitia kodi.

Msimamo wangu: aliyeteleza kwenye njia iliyo wazi aokolewe bure, hata akiwa amevaa kandambili. Aliyeruka geti akiona kabisa kwamba limefungwa, aandikiwe ankara ya helikopta hadi senti ya mwisho. Mlango wa kisheria upo. Sheria ya milima ya Ufaransa ya 1985 iliruhusu manispaa kudai gharama za uokoaji kwa watelezaji wa theluji, na 2002 ikapanuliwa kwa michezo na matembezi mengine. Ila vikosi vya serikali haviwatozi waokolewa. Nipingeni.

Mzee wa Marangu

Mkuu, nimekusoma. Mimi nimeongoza wageni Kilimanjaro hadi magoti yameniambia basi, na nakwambia tatizo lenu ni geti. Nyie mnamwachia mtu aingie mlimani kama anavyoingia sokoni, halafu mnashangaa amepotea.

Kwetu hakuna anayepanda bila kiongozi mwenye leseni. Mgeni anaandikishwa getini, na katika malipo ya hifadhi kuna dola 20 za uokoaji, kila mtu, augue asiugue. Kwa hiyo siku mtu akizidiwa na mwinuko pale Kibo hakuna mabishano ya nani analipa. Analazwa kwenye kile kitanda cha gurudumu moja, anafungwa mikanda, vijana wanashika mbele na nyuma na kuteremka naye mbio kuelekea kambi ya Horombo. Nimeshika kile kitanda. Kwenye mawe gurudumu linaruka, mgonjwa anatapika, na wewe unaomba Mungu mwenzako wa mbele asijikwae. Helikopta siku hizi zipo, lakini hapo swali la kwanza ni bima yako inasemaje.

Fanyeni hivyo. Kila anayeteremka zile ngazi alipe kidogo, ankara kubwa mzisahau.

Nesi wa Saint-Denis

Mzee wangu, shikamoo. Hizo dola 20 ni kipande kidogo tu cha gharama. Jumlisha kiingilio cha kila siku, kiongozi, wapagazi, mpishi. Watoto wangapi wa Marangu kwenyewe wamefika kileleni bila kubeba mzigo wa mtu? Huku Jumapili familia nzima inapanda milimani na sufuria lake, wanakoka kuni, wanapika mchuzi wao, bibi yupo na mjukuu yupo. Ukiweka kibanda cha tiketi umeua hilo. Sitaki.

Nikurudie wewe mleta mada. Nafanya kazi ya uuguzi hapa na naipinga hoja yako kwa sababu moja tu: saa ya kupiga simu.

Chukua mtu aliyepotea ndani ya Enclos saa kumi jioni. Ana koti jepesi na chupa ya maji nusu. Akipiga simu muda huo bado kuna mwanga, rubani anamwona, dakika chache yamekwisha. Sasa mwambie kwamba hiyo simu itamgharimu mshahara wa miezi. Hatapiga. Atajaribu kutoka mwenyewe. Atakanyaga ile lava ya mapande inayokata viatu, ataanguka, atalowa. Saa tano usiku mikono haimtii, anaanza kusinzia, na ndipo mwenzake anapiga. Kule juu usiku baridi inakaribia kuganda, mnalisahau hili kwa sababu pwani mnalala na feni. Wingu limeshuka, helikopta haiwezi kutua, waokoaji wanaingia kwa miguu kwenye bonde lilelile mlilolifunga kwa hatari yake.

Ankara uliyotaka imwogopeshe asiingie, inamwogopesha asiite. Aliyeamua kuruka geti usiku hawazii ankara, anaiwazia picha. Ankara anaikumbuka akishavunjika mguu.

Mngazija 974

Mimi natoka Ngazidja, Komoro, naishi huku Réunion. Volkano yetu, Karthala, ni mita 2,361, na kasoko yake ni kubwa kiasi kwamba wageni wanaoikuta mara ya kwanza wananyamaza. Unaanzia kijijini, Mvouni kwa mfano, na kijana wa pale anayejua njia, mnalala juu, mnarudi kesho yake. Helikopta ya kukusubiri hakuna. Ukivunjika, utabebwa na walewale waliokupandisha. Naona hilo linawafanya watu wamsikilize kiongozi akisema leo hatupandi. Mwaka 2005 mlima ulipolipuka, majivu yaliingia kwenye mabirika ya maji ya mvua vijijini, na kisiwa chetu hakina mito ya kudumu. Kwa hiyo kwetu volkano ikiamka hatuiiti tamasha.

Lakini kuna watu mmewasahau nyote. Mafate.

Ni bonde lenye kuta pande zote, lina wakazi mamia kadhaa, na halina barabara. Unaingia kwa miguu au kwa helikopta, mitungi ya gesi na saruji vinashushwa toka angani. Wa kwanza kujificha humo walikuwa watumwa waliotoroka mashambani, Wamalagasi wengi, na kisiwa hiki kilipokea pia watu wa pwani yetu: ule mkataba wa Mfaransa Morice na sultani wa Kilwa wa 1776 ulikuwa wa watu elfu moja kwa mwaka. Sisemi hili kwa kupamba mada. Nasema kwamba zile njia mnazoziita za matembezi zilianza kama njia za kuokoa roho, na hadi leo ni barabara ya mtu.

Kimbunga Garance kilipopita Februari 28, 2025, njia nyingi zilifungwa. Mgeni akiona utepe, anabadilisha likizo. Mkazi wa Mafate mwenye mama mgonjwa upande wa pili atafanyaje? Ukiandika kwenye sheria «aliyevuka katazo alipe», karani wa mjini hatabagua mpiga picha wa lava na mkulima wa La Nouvelle, kijiji cha humo Mafate.

Msomaji wa Kisauni

Mimi mlima pekee niliopanda ni ngazi za ghorofa lift ikiharibika. Swali dogo: hao wanaoruka geti ni wageni au wenyeji? Maana hapa naona mnawatetea bibi na sufuria, na bibi haruki geti.

Mleta mada

Ndugu wa Kisauni, wote wanaruka, na wenyeji wanajua vichochoro kuliko watalii. Lava ikionekana, foleni ya magari inajaa kwenye uwanda wa Plaine des Sables usiku kucha, watu wameamsha watoto, wamebeba termosi za kahawa. Karibu wote wanatazamia nje ya bonde, kwa adabu zao. Mimi nazungumzia wale wachache.

Mngazija, Mafate iondolewe kwenye hoja yangu kabisa. Naweka mipaka: Enclos peke yake, na wakati wa mlipuko peke yake. Humo hakuna anayeishi, hakuna shule, hakuna mama mgonjwa. Hapo karani hana wa kumchanganya na mwingine.

Dada nesi, hoja ya saa ya simu imenifikia, lakini sikubali kwamba inamaliza kesi. Faini ya kuingia eneo lililofungwa ipo leo, na haijamzuia mtu yeyote asipige simu. Kwa hiyo kuna kiasi fulani ambacho mtu anaumia na bado anaita. Kiasi hicho kipandishwe, na alipe kila aliyekutwa ndani, aliyeokolewa na aliyerudi kwa miguu yake, sawasawa. Hapo kupiga simu hakuongezi deni hata senti.

Nesi wa Saint-Denis

Hapo umesogea. Alipie kuruka, asilipie kuokolewa: hiyo nitasaini. Ila faini ikiwa sawa kwa wote, niambie nani atawakamata walioingia wakarudi salama. Askari wawili getini, ukingo mzima, giza, ukungu. Utakaowapata ni walewale waliopiga simu, kwa sababu hao walitoa majina yao na mahali walipo.

Mzee wa Marangu

Binti yangu, marahaba, na samahani nilichelewa kuitikia. Ndiyo maana nikasema geti. Jina liandikwe mtu akiwa anashuka, lisisubiri kuandikwa akiwa kwenye machela.

Nesi wa Saint-Denis

Mzee, anayeshuka saa nane usiku na taa imezimwa ataliandikia wapi?