Bwawa jipya au kuziba mabomba, hela ianzie wapi?

Wakuu habari zenu. Naomba tulijadili hili bila uchama maana limenikaa rohoni.

Kila kiangazi kikikaza na mgao wa maji ukaanza tunaambiwa chanzo hakitoshi, lijengwe bwawa. 2022 Dar iliingia kwenye mgao mkali baada ya mto Ruvu kupungua, na Novemba hiyo hiyo mkataba wa bwawa la Kidunda ukasainiwa, la lita bilioni 190. Bwawa silipingi, mji wa watu zaidi ya milioni 5 hauwezi kukaa unategea mawingu. Ila maji ya bwawa yatapita kwenye mabomba gani? EWURA, wadhibiti wa huduma za maji, wanataka upotevu wa maji usizidi asilimia 20 na mamlaka nyingi za maji bado ziko juu ya hapo, Kenya ndo kabisa, kwa miaka mingi wamekuwa wakipoteza zaidi ya asilimia 40.

Mimi siko Dar. Mtaani kwetu bomba lilipasuka kwenye kona ya kwenda shule, nikapiga simu siku ile ile nikapewa namba ya taarifa, halafu kimya wiki tatu. Mama muuza mihogo akahamisha meza yake mara mbili kukimbia tope. Siku moja nikakinga ndoo ya lita 20 pale maji yanaporuka, haikumaliza dakika ikajaa. Tuseme dakika nzima basi, hizo ni lita 28,800 kwa siku, karibu uniti 29 (uniti moja ni lita 1,000), nyumbani kwangu tuko sita na hatufikishi hizo kwa mwezi! Na huku wenzetu wa kilimani wananunua maji ya boza.

Najua wapo watakaosema tatizo ni wezi wanaojiunganishia na wanaoruka mita. Ni kweli wapo, na mita chakavu zinazosoma pungufu nazo zipo, lakini maji ya wizi angalau kuna mtu kayanywa, yanayoingia ardhini hayamsaidii yeyote.

Wengine watasema ukiziba hapa linapasuka kule. Linapasuka kwa sababu ya presha, usiku watu wamefunga koki presha inapanda, na mgao wenyewe, hii funga fungua, ndio unaumiza mabomba. Dawa inajulikana, gawa mji kwa kanda, kila kanda iwe na mita yake kubwa, halafu isome saa nane usiku. Watu wamelala, kwahiyo maji mengi yanayopita muda huo ni ya kuvuja, unajua kanda gani uanze kuchimba.

Phnom Penh, Kambodia, 1993 walikuwa wanapoteza asilimia 72, baadaye wakashuka hadi asilimia kama 6 tu. Mkurugenzi wao wa maji wakati huo, Ek Sonn Chan, aliweka mita kila mteja, akazawadia waliofichua wizi, akawadai hata wakubwa wa jeshi na akatishiwa bastola kwa hilo. Nchi ilikuwa imetoka vitani, maskini kuliko sisi wa leo.

Kwahiyo msimamo wangu, kabla ya kupandisha bei au kukopa kwa ajili ya chanzo kipya, kila mamlaka ibandike ukutani bomba liliripotiwa lini na limezibwa lini. Mafundi na wasoma mita mliomo humu, huko kwenu bomba likiripotiwa linakaa siku ngapi, na kinachokwamisha ni vipuri, gari au watu?