Cheti cha kutunza wazee: nilipie hiki cha kwenye simu au niende chuo?

Mwana wa Maweni, Malindi
Assalam aleikum na habari za jioni. Naomba ushauri kabla pesa haijatoka. Namtunza mzee wa Kitaliano huku Casuarina. Niliingia kama mpishi na mfuaji, kisha kiharusi kikampiga upande wa kulia na kazi ikageuka yenyewe: kumuogesha, kumlisha, kumbadilisha pampasi, kumtoa kitandani kumweka kwenye kiti cha magurudumu. Hakuna aliyenifundisha. Sasa wanawe wanataka kumrudisha kwao, nami sina hata karatasi ya kuonyesha. Nina kidato cha nne, D+.

Kwenye grupu la WhatsApp kuna mtu anauza Care Certificate ya Uingereza. Unasoma kwa simu wikendi moja, elfu kumi na nane, na ati ukiipata tu barua ya kazi inafuata. Upande wa pili kuna chuo hapa mjini, miezi mitatu, halafu mtihani wa NITA, ile mamlaka ya serikali ya mafunzo ya kazi, lakini ada ni zaidi ya mara mbili. Mume wangu asema ya simu. Mimi roho inasita. Mwaonaje?

Tuktuk ya Barani
Elfu kumi na nane kwa wikendi? Kwa bei hiyo mimi nakupa udaktari, na laminesheni juu.

Mshela wa Leicester
Dada, usilipe. Niko huku na kazi yangu ndiyo hiyo. Care Certificate ilianza England Aprili 2015, na ni mafunzo ya mfanyakazi mpya akiwa tayari ameajiriwa. Nadharia unaweza kuisoma kwa simu, sawa, lakini lazima mtu akutazame ukimhudumia mgonjwa wa kweli ndipo atie sahihi. Viwango vilikuwa 15, mwaka 2025 kikaongezwa cha 16. Huyo muuzaji wa WhatsApp amekuona lini ukimnyanyua mtu?

Na kubwa zaidi: tangu 22 Julai 2025 Uingereza imefunga viza kwa watunzaji wapya wa kuajiriwa kutoka nje. Hiyo barua anaitoa wapi? Wakala yeyote wa kazi za ng'ambo, mtafute kwanza kwenye orodha ya NEA, mamlaka ya ajira ya Kenya. Hayumo, mfute.

Bi Nesi Mstaafu, Lamu
Mwanangu, umefanya vyema kuuliza. Mimi niko Mkomani, nimestaafu uuguzi, ila simu haijastaafu. Huku mzee hapelekwi popote, hulala kwao, na anayemtunza ni binti, au mke wa mjukuu, au msichana wa kazi anayelipwa ya kufagia. Ndiyo maana watu hudhani hakuna cha kusomea.

Nikiingia nyumba ya mgonjwa siulizi cheti. Natazama visigino na makalio. Asiyeweza kujigeuza akiachwa ubavu mmoja usiku kucha, nyama hukosa damu, na kidonda huweza kuanzia ndani, karibu na mfupa, kabla ngozi haijachanika. Kisha nauliza analishwaje. Mwenye kiharusi koo hulegea, na maji matupu humpalia upesi kuliko uji mzito. Watu hufanya kinyume: akikohoa, wanamzidishia maji! Akae wima, kijiko kidogo kidogo, na asilazwe mara tu anapomaliza. Chakula kikiingia mapafuni huleta nimonia, na hiyo imeondoa wengi walionusurika kiharusi chenyewe. Kumhamisha mtu kutoka kitandani nako hujifunza ukisimamiwa, la sivyo mgongo wako ndio utakaolipa ada.

Chuo nenda ukakione kwa macho. Omba namba yao ya usajili wa TVETA, mamlaka inayosajili vyuo vya ufundi, uihakiki. Waulize mazoezi hufanyiwa wapi: kama hakuna kitanda wala hospitali wanayowapeleka, hilo ni darasa la kunakili. Kabla ya kulipa waulize NITA Mombasa kama ujuzi wako wa kazini unaweza kupimwa bila kozi nzima. Utaratibu huo upo Kenya, unaitwa RPL. D+ isikutishe.

Na leo, si kesho, waombe wanawe barua: umemfanyia nini na tangu lini. Kwa Kiingereza na kwa Kitaliano, maana Malindi wazee wa aina hiyo hawajaisha.

Mwana wa Maweni, Malindi
Shukrani Bi, shukrani kaka. Yule nimeshamzuia kwenye simu. Lakini Bi umenitia hofu: kisigino chake cha kulia kina wekundu tangu juzi. Nilikuwa nakisugua kwa mafuta ya nazi.

Bi Nesi Mstaafu, Lamu
Acha kusugua kabisa. Bonyeza kwa kidole kisha uachie: wekundu usipopotea, kidonda kimeanza. (Kwa ngozi zetu wekundu hauonekani vizuri, wewe gusa kama pana joto au pamekuwa pagumu.) Weka mto chini ya muundi, kisigino kielee kisiguse godoro. Mgeuze kila saa mbili hivi, usiku pia, na daktari wake aitwe asubuhi.

Mwana wa Maweni, Malindi
Nimebonyeza. Haupotei. Mto nimeshauweka, na daktari nampigia saa moja asubuhi.