"Piga tupa kidogo, itakaa": hii ni leva ya breki, si mguu wa kigoda!

Nati ya Kumi (mleta uzi)

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Muuzaji huyo mnamjua. Sina haja ya kumtaja, kila aliyewahi kutafuta leva za bei chee amekutana na picha zake: leva nyekundu, leva za dhahabu, leva za bluu, na zote eti "zinakaa pikipiki yoyote". Muda huu huu kaulizwa swali la kistaarabu kabisa: mbona ulimi wa leva ya breki ya mbele unaisukuma pistoni ya pampu hata kabla mtu hajashika leva? Jibu lake, neno kwa neno: "Piga tupa kidogo, itakaa."

Piga tupa kidogo! Yaani usugue chuma cha leva kidogo. Kidogo kiasi gani? Robo milimita? Milimita mbili? Mpaka alfajiri?

Kwa wasioelewa kwa nini damu inachemka. Ndani ya pampu ya breki kuna vitundu viwili vinavyotoka kwenye kopo la mafuta. Kimoja kipana, kingine chembamba kama kimetobolewa kwa sindano. Hicho chembamba ndicho njia ya mafuta kurudi, na kiko mbele ya mpira wa pistoni kwa nafasi ndogo mno, tena pale tu pistoni inapokuwa imerudi mpaka mwisho. Ulimi wa leva ukizidi urefu hata milimita moja, pistoni hairudi mpaka mwisho, na mpira unabaki umeziba kitundu. Ukitoka nyumbani huhisi chochote. Pedi zinalamba diski kidogo kidogo, diski inapata joto, mafuta yanatanuka, pa kwenda hayana, yanazibana pedi zaidi, joto linapanda tena. Leva inazidi kuwa ngumu kila ukiigusa. Mwisho wake gurudumu la mbele linajifunga lenyewe, hakuna mkono wa mtu uliolishika. La mbele, wakuu! Na mtu anakwambia piga tupa kidogo!

Hebu itazame hiyo leva kwa karibu. Kwenye ulimi kuna mshono wa kalibu umeachwa vilevile, mkali kama ukingo wa kopo lililofunguliwa kwa kisu. Rangi imemwagwa hadi ndani ya tundu la bolti. Rangi, mahali pa kuzungukia! Bushi, yaani kile kibomba kidogo ambacho bolti inapita ndani yake, hakuna. Leva inaingia kwenye kishikio kwa kugongwa na nyundo, na ukishakaza nati unaivuta, unaiachia, inabaki palepale ulipoiachia. Halafu anasema "itakaa". Leva ya breki haitakiwi kukaa, inatakiwa KURUDI!

Bushi la Shaba

Nakazia, mkuu. Tena umegusa breki tu, klachi hujaifikia. Shika kalipa ya kupimia, pima kutoka katikati ya tundu la bolti hadi katikati ya tundu la kichwa cha waya wa klachi, kwenye leva ya orijino na kwenye hiyo ya rangi rangi. Kama ya orijino ni milimita 28 na mpya ni 25, kwa mbano uleule waya unavutwa pungufu kwa karibu asilimia 11. Mkononi itakuwa laini na mtu ataisifia. Huko ndani sahani za klachi hazijaachana vizuri: gia ya kwanza inaingia kwa kishindo, nyutro haipatikani pikipiki ikiwa imesimama, na pikipiki inatambaa huku umeibana klachi yote. Hapo mtu anaanza kukaza waya ili kufidia, anakaza mpaka nafasi inaisha, sasa klachi inateleza na sahani zinaungua. Kosa la milimita 3 kwenye leva, anayekufa ni klachi nzima.

Nafasi ya klachi ya waya kwenye ncha ya leva ni milimita 10 hadi 20 kwa pikipiki nyingi. Leva ambayo haiwezi kukupa nafasi hiyo na wakati huohuo ikaachanisha sahani, irudi ilikotoka. Hakuna tupa hapo.

Mzee wa Torki

Mleta uzi, povu lote hilo kwa kitu cha bolti moja na nati moja? Ungekuwa na spana nusu ya maneno uliyonayo ungekuwa umeshamaliza.

Tupa si dhambi. Tatizo ni mtu kuishika kama anachonga mwiko. Utaratibu ni huu. Leva ya zamani ikiwa bado imefungwa, angalia ncha yake inacheza kiasi gani kabla pistoni haijaanza kusukumwa. Angalau milimita 2 lazima uzione. Funga leva mpya bila kukaza, angalia tena. Ikiwa haichezi kabisa, paka ncha ya ulimi wino wa kalamu, funga, bana mara moja, fungua: pale wino ulipofutika ndipo panapogusa pistoni. Piga tupa hapo tu, mapigo matatu manne, funga tena, pima tena. Mkato ukishakaa sawa, malizia kwa msasa namba 400 mpaka uso uwe laini na mviringo, maana kona kali itakula kichwa cha pistoni. Ukikata kupita kiasi leva inakuwa na safari ndefu ya bure, inafika kwenye gripu, yaani mpini wa usukani, kabla breki haijashika. Ikifika hapo, hiyo leva iende jalalani.

Na kabla ya yote: baadhi ya leva zina skrubu ndogo kwenye ulimi yenye nati ya kufungia. Hiyo ndiyo ya kurekebishia. Watu wanapiga tupa na skrubu ipo inawatazama!

Nati ya Kumi (mleta uzi)

Mzee wa Torki, shikamoo. Umeandika mistari kumi na zaidi kueleza kitu ambacho yule amekieleza kwa maneno manne. Hicho ndicho ninachokilalamikia! Kama angesema hata nusu ya hayo nisingefungua uzi. Kasema "kidogo". Mtu wa kawaida akisikia kidogo atakata upande wowote utakaompendeza, na wengine watapiga tupa PISTONI. Nyuzi zipo humu za watu waliopiga tupa pistoni!

Dada Diski

Wanaobishana kuhusu tupa, pimeni kwanza. Tandaza kitambaa chenye maji juu ya tangi, kwa sababu mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 yanakula rangi. Geuza usukani mpaka kopo likae sawa, fungua mfuniko, ondoa mpira wake. Uso weka mbali. Bana leva taratibu kabisa, mwanzo tu wa safari yake. Ukiona mafuta yanatibuka, kama chemchemi ndogo inayochomoza katikati ya kopo, kitundu cha kurudishia kiko wazi na leva yako iko salama upande huo. Yakiwa yametulia tuli, kitundu kimezibwa, usiwashe pikipiki.

Kisha rudisha mfuniko, nyanyua gurudumu la mbele, bana breki kwa nguvu mara kumi, achia, zungusha gurudumu kwa mkono. Lazoma lizunguke kama lilivyozunguka kabla hujagusa kitu. Ukishakwenda mwendo mfupi bila kubana breki sana, simama, sogeza kiganja karibu na diski, usiiguse. Ikitoa joto la pasi, rudi kwenye ulimi.

Na ikikufungia njiani: spana 8, legeza kidogo nipeli ya kutolea upepo kwenye kalipa ya breki, presha itatoka na gurudumu litaachia. Ukishafanya hivyo breki ya mbele huna, pikipiki inasukumwa, haiendeshwi.

Kiranja wa Gereji

"Lazoma" 😂 Dada Diski ameandika kwa hasira kuliko mleta uzi.

Ila mleta uzi naye, leva ya bei ya kutupa ulitegemea ije na bushi, washa, na barua ya mapenzi? Bushi unahamisha kutoka kwenye ya zamani. Kila mtu anajua.

Bushi la Shaba

Si kila mtu anajua, Kiranja, na bushi hazihamishiki zote. Kama tundu jipya ni milimita 8 na bushi ya zamani ni 10 kwa nje, unahamishia wapi?

Swichi Ndogo

Mbona hakuna anayezungumzia taa ya breki? Nyie mko kwenye pistoni, watu wanagongwa kwa nyuma! Chini ya leva kuna swichi yenye kipini chembamba. Leva ya orijino ina kisigino kinachoibonyeza mkono unapoachia. Leva ya yule mheshimiwa kisigino kimepunjwa, swichi haibonyezwi, taa inawaka saa 24. Wa nyuma yako ameshaizoea nyekundu hiyo, ukifunga breki hana habari. Au kisigino kimezidi, swichi haiachii, taa haiwaki kabisa. Simamisha pikipiki karibu na ukuta gizani, bana leva polepole: taa iwake KABLA breki haijashika.

Upande wa klachi ni hadithi ileile. Kisigino kisipoifikia swichi inavyotakiwa, pikipiki nyingi zenye ulinzi wa stendi ya pembeni hazipigi stata mpaka uwe nyutro. Watu wanabadilisha betri, wanabadilisha rilei, wanashusha mota ya stata. Ugonjwa uko kwenye kisigino.

Mzee wa Torki

Marahaba, mleta uzi. Naongeza la kukaza, kwa sababu hapo ndipo wengi wanaharibu. Bolti ya leva haikazwi kwa hasira. Kwenye vitabu vingi vya ufundi bolti ni karibu Nm 1 tu (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza), yaani imegusa, basi. Nati ya chini ndiyo inayopata karibu Nm 6, huku bolti umeishikilia isizunguke. Ukikaza bolti kama unafunga gurudumu, kishikio kinabana leva na hairudi, halafu unamlaumu muuzaji.

Grisi ya kawaida weka kwenye bolti na bushi. Kwenye ncha inayogusa pistoni weka grisi ya silikoni, tone dogo. Grisi ya petroli ikifika kwenye mipira ya breki inaivimbisha, na mpira uliovimba unaziba kitundu kilekile tunachokipigania hapa tangu mwanzo.

Nati ya Kumi (mleta uzi)

Hasira hazijakaza bolti yangu, mzee. Rangi kwenye tundu ndiyo iliyobana! Ilikwanguliwa kwanza, leva ikarudi vizuri, ulimi ukabaki vilevile unaisukuma pistoni. Ndipo akaulizwa. Ndipo akajibu. PIGA. TUPA. KIDOGO.

Kofia Ngumu

Tatizo si yule, tatizo ni nyie mnaonunua leva za vidole viwili zenye vitufe vya kurekebishia hatua sita. Kile kitufe kikichakaa kinaruka chenyewe kutoka 5 hadi 2 njiani, na ukiisogeza leva ya klachi karibu na gripu, safari nayo imepungua, sahani haziachani. Leva ya bei chee ikianguka mara moja inaweza kukatikia shinani, unabaki na kisiki. Ya orijino nyingi zina mkato karibu na ncha makusudi, ili ncha ikatike na kinachobaki kikufikishe nyumbani. Nunueni ya orijino, mlale.

Kiranja wa Gereji

Orijino gani? Nusu ya "orijino" zinatoka kiwanda kilekile cha yule, zimebadilishiwa mfuko tu.

Pedi Mpya

Mimi kero yangu ni wanaojaza mafuta ya breki. Pedi zimelika, mafuta yameshuka kwenye kopo, na yanatakiwa yashuke, yamefuata pistoni za kalipa. Fundi anaona chini, anajaza mpaka juu. Zikifungwa pedi mpya, pistoni zinarudishwa ndani, mafuta yanapanda, yanafurika kwenye tangi na kula rangi. Au mfuniko umebanwa, nafasi ya kutanukia hakuna, breki inajibana. Watu watasema leva!

Dada Diski

Pedi Mpya, hilo lifungulie uzi wake kabisa. Nitakuja.

Kofia Ngumu

Na vioo vya pembeni je? Kwa kuwa tuko usukanini. Vioo vya bei hiyohiyo, kile cha kulia kinaingia nusu mzunguko kinagoma, mtu anakilazimisha kwa spana 14 mpaka meno ya kishikio yanatoka yote.

Swichi Ndogo

Anakilazimisha kwa sababu hajui. Yamaha nyingi kioo cha kulia kina meno ya kinyume, unakaza kwa kuzungusha kushoto. Kikigongwa kwa mbele kinalegea badala ya kuvunja kishikio.

Kiranja wa Gereji

Uongo. Meno ni meno.

Swichi Ndogo

Kifungue ukione. Shina ni milimita 10, kutoka jino hadi jino ni milimita 1.25, cha kushoto kawaida, cha kulia kinyume.

Nati ya Kumi (mleta uzi)

Wakuu, tulikuwa kwenye tupa.

Kofia Ngumu

Swichi Ndogo, kwa hiyo kioo cha 10 cha kawaida kikitakiwa kukaa kulia kwenye Yamaha, adapta ipo?

Swichi Ndogo

Ipo. Chini ina meno ya kinyume, juu ya kawaida. Ikaze yenyewe kwanza mpaka mwisho, ndipo ufunge kioo, na nati ya shina ukaze mwisho kabisa kioo kikiwa kimeshaelekezwa. Usianze na kioo, vyote vitazunguka pamoja.

Kiranja wa Gereji

Sawa, nimekifungua. Ni kinyume.