Waliosoma nje na mnaojiandaa kwenda: nini kilikutoa jasho kabla ya safari? Tupeane uzoefu

#1
Wadau habari zenu. Nimebakiza miezi miwili niondoke, naenda China kuanza digrii ya kwanza kwa skolashipu ya serikali yao, na kila niliyemuuliza anajiandaaje mtu ananijibu "we andaa nyaraka tu mengine utayakuta huko". Sasa nyaraka zenyewe ndo zimenizeesha. Cheti changu cha kuzaliwa kina Mohammed, m mbili katikati, vyeti vya form four na six vina Mohamed, m moja, na paspoti nilichukulia cheti cha kuzaliwa kwahiyo nayo ina mbili. Herufi moja tu aisee imenizungusha wiki tatu, mara RITA wanaotoa vyeti vya kuzaliwa, mara kwa wakili kula kiapo kwamba huyu na huyu ni mtu mmoja, nikarudi dirishani naambiwa kiapo kiko kwa Kiswahili tu, kifanyie tafsiri. Mzee wangu anacheka, anasema enzi zake karani alikuwa anaandika jina alivyolisikia na ukibisha anakutolea macho.

Halafu kuna foleni ya mihuri, sikujua kama ina mpangilio. Mimi nilijipeleka ubalozini moja kwa moja na vyeti vyangu, nikarudishwa, kwanza Wizara ya Mambo ya Nje ndo ubalozi. Mwenye kujua mengine ambayo yananisubiri aseme mapema, moyo wangu hauna nguvu tena.

#2
Pole mkuu, bado hujafika kwenye fomu ya vipimo vya afya. Ile fomu ya China ina sehemu ya picha, muhuri wa hospitali unatakiwa ukanyage picha, nusu kwenye picha nusu kwenye karatasi. Wangu waliupiga pembeni kwa nidhamu kabisa, umenyooka vizuri, fomu ikakataliwa, nikarudi hospitali nikakuta daktari aliyesaini yuko likizo. Na usipime mapema sana kwa kiherehere, majibu yanahesabiwa miezi 6 tu, na ukifika wanaweza kukupima upya vilevile.

Mimi nilikuwa Harbin. Hela ya kujikimu kwa digrii ya kwanza ni yuan 2,500 kwa mwezi na chumba hulipi, inatosha ukiwa na akili, ila usipande ndege ukiitegemea ile ya mwezi wa kwanza maana mpaka ufungue akaunti na chuo kimalize mambo yake wewe ushakopa kwa Wazambia. Nilienda na dola 200, zikaisha wiki ya pili, na hapo koti sijanunua bado. Koti usinunue Kariakoo nakuomba, la kwetu linazuia mvua ya Lushoto, halizuii Januari ya Harbin, kule inashuka chini ya nyuzi 20 hasi, kope zinaganda. Kanunue kulekule.

Lingine, WeChat, ile app ya Wachina ya kuchati, fungua ukiwa bongo na mtafute mtu anayeitumia siku nyingi akuthibitishe, na VPN, ile app ya kufungulia mitandao waliyoizuia, weka kabla hujapanda ndege. WhatsApp kule haifunguki, mama yangu alikaa siku nne anajua nimetekwa. Na viza ya X1, ile ya masomo marefu, ukishaingia una siku 30 za kuomba kibali cha kuishi, usianze kutalii.

#3
Ujerumani hapa. Kwetu kilio ni ile akaunti ya kufungia hela, mwaka juzi ilikuwa euro 11,904 kwa mwaka, unazifungia halafu wanakuachia 992 kila mwezi. Familia ilichanga, shangazi akauza kiwanja, tukatuma 11,904 kamili bila senti ya ziada. Benki za katikati zikakata chao, ikafika pungufu ya euro kama 30 hivi. Kwa euro 30 sikupata ile barua ya kuthibitisha, nikatuma tena, makato tena, siku 9 zimekwenda na tarehe ya ubalozi ndo hiyo inakuja. Tumeni na ziada jamani.

#4
Mimi sina la maana, wakala alikula milioni mbili na laki tatu na barua ya chuo aliyonipa nilipowaandikia chuo wenyewe wakasema hawanijui. Andikeni chuo wenyewe kwanza. Basi.

#5
Niko Kenya, nilienda Marekani 2024. Nililipa ada ya SEVIS, ule mfumo wao wa kusajili wanafunzi wa nje, dola 350, viza 185, nikajaza fomu ya viza DS-160 usiku mzima, halafu pale ubalozini Gigiri yule afisa hakufungua hata faili yangu, aliniuliza tu mbona hii kozi na nani analipa. Dakika mbili hivi. Mimi nilikuwa nimekariri historia ya chuo chote wallahi.

#6
Mimi ni mzazi, binti yangu yuko Uingereza. Wale wanataka hela ikae benki siku 28 mfululizo isishuke hata siku moja, sisi tuliweka kiasi kilekile kinachotakiwa, siku ya 19 benki ikakata ada yake ya mwezi, ikashuka. Tukaanza kuhesabu upya. Pia kipimo cha kifua kikuu kinafanyika IOM, lile shirika la kimataifa la uhamiaji, msipeleke cha hospitali yoyote tu. Wanangu mkiwa na wazazi waambieni mapema, msituletee siku ya mwisho.

#7 (mleta uzi)
Shikamoo mzazi, nimekuelewa. Mkuu #2 asante, kesho naenda kukagua muhuri wangu nikiwa na rula. Kuna mtu kaniambia nichukue pia kile cheti cha TCU, tume ya vyuo vikuu, cha kutokuwa na pingamizi, ni kweli?

#8
Chukua. Ukirudi na digrii yako ni haohao TCU utawapelekea waitambue, bora wakujue toka mwanzo. Ila mimi nauliza la muhimu zaidi, dagaa inapita?

#9
Guangzhou walinishikia kilo mbili za dagaa wa Mwanza, yule dada wa forodha akainusa akasogea nyuma hatua mbili, ikaenda kwenye pipa naiona. Samaki na nyama hawataki kabisa.

#10
Na ubuyu?

#11
Wangu ulipita. Sikwambii ubebe.